Kura ya Maskini na Mfuko wa Tajiri

Usiku wa Jumapili, tarehe 30 Machi 2025, katika mji wa Green Bay, jimbo la Wisconsin, nchi ya Marekani, tajiri mmoja alisimama jukwaani mbele ya umati wa watu akatoa hundi mbili, kila moja ya dola milioni moja, akawakabidhi wapiga kura wawili. Tajiri huyo ni Elon Musk, ambaye wakati ule alihesabiwa kuwa ndiye mwenye mali nyingi kuliko watu wote duniani. Siku mbili baadaye watu wa Wisconsin walikuwa na uchaguzi wa jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya jimbo lao, naye Musk alikuwa na mtu wake aliyependa ashinde.

Habari kama hii ikifika barazani kwetu, maneno huwa ya namna mbili. Wako wasemao kwamba mambo yamekwisha, tajiri amekwisha kuinunua nchi, na kura si kitu tena. Na wako wasemao, hasa vijana, kwamba kura ni siri: pokea fedha ya tajiri, itie mfukoni, kisha uingie chumbani umpe umtakaye. Hawa wa pili wakiambiwa habari za Wisconsin zilivyomalizika hufurahi sana, maana Brad Schimel, aliyeungwa mkono na Musk, alishindwa, na Susan Crawford akamzidi kwa takriban kura 10 katika kila 100. Zaidi ya dola milioni 20 za tajiri yule na vikundi vyake zikaenda bure.

Walakini, kabla hatujafurahi, yafaa tutazame hesabu yote. Bibi Crawford naye hakukosa matajiri wa upande wake. Fedha za pande zote mbili zilizidi dola milioni 100, na zote hizo zilitumika ili apatikane jaji mmoja wa jimbo moja. Sasa na tujiulize: mwanasheria mwadilifu wa Wisconsin, asiye na tajiri wa upande wowote, angalisimama wapi katika uchaguzi ule? Jina lake lisingalifika hata masikioni mwa watu. Kwa hiyo twaona ya kuwa makundi yote mawili ya barazani yanakitazama mno chumba cha kupigia kura, hali mambo makubwa hutendeka kabla mtu hajaingia humo, na mengine baada ya kwisha kutoka.

Sisi wa Afrika Mashariki jambo hili tumelijua kwa sura yake ndogo: khanga, fulana, kilo ya sukari, sinia la pilau, nauli ya kurudia nyumbani. Huko Tanzania sheria ya mwaka 2000 ilifika hata kuliruhusu kwa jina la takrima. Jina lenyewe ni zuri, limetoka katika Kiarabu, na ndani yake mna heshima na ukarimu. Na wengi wetu kwa uzuri wa jina tukaona haya kuikataa sahani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika kesi iliyoletwa na vyama vya watetezi wa haki na sheria, iliamua kwamba vifungu vya takrima vyapingana na Katiba, kwani vyambagua mgombea asiye na mali ya kukirimu. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kenya nayo ilitunga sheria yake ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini uchaguzi wa 2017 ukapita bila ya vikomo kutumika, na mwaka 2021, tume ya uchaguzi ilipoleta kanuni za kuvitia nguvu, Bunge likazikataa. Uchaguzi wa 2022 ukapita vivyo hivyo. Waliozikataa ndio wale wale ambao kanuni zingaliwafunga. Ni mshtakiwa kupewa kiti cha kadhi.

Lakini takrima ni tawi, si shina. Mama aliyepewa doti ya khanga anajulikana. Jirani zake wamemwona akiivaa. Nani aliyemlipia mgombea marobota yale ya khanga? Alilipa kwa sababu gani, na siku ya kudai akija atadai nini? Swali hili ndilo linalotupeleka tena Marekani. Si kwa kuwa Wamarekani ni waovu kuliko sisi, bali kwa kuwa huko wamegombana juu yake kwa zaidi ya miaka 120, na sehemu kubwa ya hesabu zake huandikwa katika daftari ambazo kila mtu aweza kuzisoma. Kwetu daftari hizo ni haba.

Mwaka 1896 William McKinley aligombea urais, na mtu aliyemshikia mambo yake alikuwa Mark Hanna, tajiri wa makaa ya mawe na chuma kutoka Ohio. Mpinzani wao, William Jennings Bryan, alikuwa msemaji hodari aliyezunguka nchi kwa gari la moshi akiwahutubia wakulima waliolemewa na madeni. Hanna hakungoja sadaka. Aliziendea benki akazitoza kama mtoza kodi, robo ya dola moja kwa kila dola 100 za mtaji wao. Kampuni ya mafuta ya Standard Oil ikatoa dola 250,000 peke yake. Jumla ilifika kiasi cha dola milioni tatu na nusu, nazo zilikuwa mara nyingi kuliko zile za Bryan. McKinley akashinda, na mwaka uliofuata Hanna mwenyewe akaingia katika Seneti.

Miaka michache baadaye, mwaka 1905, uchunguzi uliofanywa New York ukafichua kwamba makampuni makubwa ya bima yalikuwa yakitoa fedha kusaidia uchaguzi wa Rais Theodore Roosevelt wa mwaka 1904. Fedha hizo zilikuwa amana za wenye bima, watu waliojiwekea akiba ili wake zao na watoto wao wasiombe baada yao. Watu wakakasirika, na Roosevelt mwenyewe akasema jambo hilo likatazwe. Mwaka 1907 ikatoka sheria ya kuyakataza makampuni yasitoe fedha kwa wagombea wa serikali kuu. Sheria ikaandikwa vizuri, na mtu wa kuitekeleza hakuwekwa. Ikakaa hivyo mpaka uchaguzi wa Rais Nixon wa mwaka 1972, ambapo makampuni kadhaa yenye majina makubwa yalikuja kukiri mahakamani kuwa yalitoa fedha kinyume cha sheria. Hapo ndipo, mwaka 1974, Bunge la Marekani lilipoweka vikomo vya kweli: mtu mmoja asimpe mgombea mmoja zaidi ya dola 1,000 katika uchaguzi mmoja, na mgombea naye asitumie zaidi ya kiasi fulani. Ikaundwa na tume ya kuyasimamia hayo.

Sheria hiyo haikudumu nzima hata miaka miwili. Mwezi wa Januari 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iitwayo Buckley v. Valeo, iliikata vipande viwili. Ikasema: kikomo cha fedha ambazo mtu humpa mgombea ni halali, kwa kuwa chaweza kuzuia rushwa. Lakini kikomo cha fedha ambazo mtu huzitumia mwenyewe kuinadi siasa aipendayo si halali, kwa kuwa kutumia fedha kwa ajili ya kusema ni sehemu ya kusema, na uhuru wa kusema umelindwa na Katiba yao. Kadhalika tajiri anayegombea mwenyewe asizuiwe kutumia mali yake.

Msomaji asipoielewa tofauti hii hataelewa yaliyofuata, basi na tuilete nyumbani. Ni kama mtu aambiwe: usimtunze bwana harusi zaidi ya shilingi elfu moja, ili asije akawa mtumwa wako. Ila, ukipenda, waweza kukodi ngoma, kuchinja ng'ombe kumi na kuualika mji mzima kwa jina la bwana harusi huyo huyo, madhali hukushauriana naye. Kisha aliyetoa hukumu hiyo akarudi kwake akiamini kwamba bwana harusi hatamkumbuka mwenye ng'ombe.

Tarehe 21 Januari 2010 mahakama hiyo hiyo ilikwenda hatua ya pili, katika kesi ya Citizens United. Kwa majaji watano dhidi ya wanne iliamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi navyo vina haki ya kutumia fedha zao bila kikomo kuwanadi au kuwapinga wagombea, mradi wasifanye shauri moja na mgombea. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika kwa niaba ya watano, alishika kwamba matumizi ya namna hiyo, yaliyo mbali na mgombea, hayazai rushwa. Jaji mzee John Paul Stevens aliandika upinzani mrefu wa kurasa zipatazo 90. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufaa ikatoa hitimisho lililobaki: ikiwa kutumia hakuzai rushwa, basi kuwachangia wale wanaotumia hakuwezi kuwekewa kikomo. Hapo zikazaliwa kamati zile ambazo Wamarekani huziita Super PAC, zinazoweza kupokea kutoka kwa mtu mmoja kiasi chochote anachotaka kutoa.

Hoja ya majaji watano si ya kipuuzi, nasi hatutaki kuipita mbio. Kesi ile ilitokana na filamu iliyompinga Hillary Clinton mwaka 2008, na serikali ilidai kuwa na haki ya kuizuia isionyeshwe kwa njia fulani karibu na siku za kura. Sisi tuchapao gazeti tunaijua hofu hiyo. Serikali ikipewa kalamu ya kuandika nani aseme kwa kiasi gani, leo itamkata tajiri, na kesho yaweza kumkata mwandishi. Tungalikuwa katika baraza ile huenda tungalisitasita. Pamoja na hayo, mtu anayesema kwa kinywa chake na mtu anayekodi vinywa elfu kumi hawako katika hali moja. Wa pili hasemi tu, bali anawafunika wengine wasisikike.

Na yaliyotokea tangu hapo yanaonekana katika daftari. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 Mmarekani wa kawaida aliruhusiwa kumpa mgombea mmoja dola 3,300 kwa uchaguzi mmoja. Elon Musk, kwa kupitia kamati hizi, alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na wenziwe. Miriam Adelson, mjane wa mwenye nyumba za kamari, alitoa zaidi ya dola milioni 100 upande huo huo. Wala asidhani mtu kwamba ni chama kimoja tu. Kamala Harris na chama chake walikusanya zaidi ya dola bilioni moja, na matajiri wakubwa hawakukosa kuwamo. Taasisi ya OpenSecrets, ambayo kazi yake ni kuhesabu fedha za siasa, ilikisia kwamba chaguzi zote za rais na Bunge la taifa za mwaka ule ziligharimu takriban dola bilioni 16. Siku 76 baada ya kura, Trump alipoapishwa tarehe 20 Januari 2025, idara mpya ya kupunguza matumizi ya serikali ilianzishwa siku ile ile, na aliyeonekana na wote kuwa ndiye kiongozi wake alikuwa Musk, ambaye hakupigiwa kura na mtu hata mmoja. Alitoka serikalini mwishoni mwa mwezi wa Mei, kisha akagombana na rais hadharani.

Msomaji mwenye fikra atatuuliza: je, si kweli kwamba fedha hushindwa mara nyingi? Ni kweli. Ross Perot alitumia makumi ya mamilioni ya dola zake mwaka 1992, akapata karibu kura 19 katika kila 100, wala hakupata jimbo hata moja. Michael Bloomberg, aliyepata kuwa meya wa New York, alitumia takriban dola bilioni moja za mfukoni mwake mwaka 2020 akitaka kuwa mgombea wa chama cha Democratic; mahali pekee alipoongoza ni visiwa vya American Samoa, vilivyo mbali katika bahari ya Pasifiki, akajitoa mwezi wa Machi. Tunayataja haya kwa sababu mtu akikwambia fedha hununua kila kitu amekudanganya, na uongo wake una madhara, maana humfanya maskini akate tamaa akae nyumbani siku ya kura. Fedha si mshindi wa kila pambano. Kazi yake kubwa ni mlangoni, kuamua nani aingie uwanjani.

Tazameni namna mbunge wa Marekani anavyoishi. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na hivyo hawamalizi uchaguzi mmoja ila wameanza kuutafutia fedha wa pili. Mwezi wa Januari 2013 ilichapishwa katika Huffington Post ratiba ambayo chama cha Democratic kiliwaonyesha wajumbe wapya kuwa ndiyo mfano wa siku njema ya kazi. Ndani yake mlikuwa na saa nne za kupiga simu kuomba michango. Kwa kuwa sheria inakataza kuomba fedha ndani ya ofisi za Bunge, wajumbe hutoka wakaenda katika majengo ya vyama vyao yaliyo karibu, wakakaa katika vyumba vidogo na orodha ya majina mbele yao. Majina hayo si ya mwashi, wala ya mwalimu wa shule, wala ya mama muuza maziwa. Mkono mtupu haulambwi. Hatusemi kwamba kila mwenye kupigiwa simu hununua sheria. Aghalabu hatoi hata sharti. Lakini mtu anayeshinda saa nne kila siku akisikiliza mashaka ya wenye mali, mwisho masikio yake hujizoesha sauti hiyo, na mashaka ya wengine humjia kama kelele za mbali za barabarani.

Na baada ya kura? Hapa tutatoa mfano mmoja tu, kwa sababu unagusa kabati la dawa la kila nyumba. Mwezi wa Desemba 2003 Marekani ilipata sheria ya kuwasaidia wazee walio katika bima ya serikali iitwayo Medicare wanunue dawa. Ni jambo la kheri, na wazee wengi walifaidika. Ila ndani ya sheria ile kiliwekwa kifungu cha kuikataza serikali isibishane bei na wenye viwanda vya dawa. Mama yeyote aendaye sokoni anajua kwamba anunuaye gunia zima hupunguziwa kuliko anunuaye kibaba. Sasa hapa mnunuzi wa magunia kuliko wote nchini amefungwa mdomo kwa sheria, alipe anachoambiwa. Mbunge Billy Tauzin alikuwa mwenyekiti wa kamati mojawapo iliyoitengeneza sheria ile. Mwanzoni mwa mwaka 2005, baada ya kutoka Bungeni, alishika kazi mpya ya kuwa mkuu wa PhRMA, chama cha makampuni ya dawa. Hatusemi kwamba alihongwa. Hayo hatuna haki ya kuyasema, na alilolifanya sheria ya nchi yake ililiruhusu. Na kuruhusiwa huko ndiko kunakotusumbua. Kifungu kile kilisimama kwa miaka 19. Mwaka 2022 tu ndipo Bunge lilipoipa serikali idhini ya kubishana bei za dawa chache, zikianza 10, bei zake mpya zianze Januari 2026. Na kuanzia 2023 mzee wa Medicare mwenye ugonjwa wa sukari akawekewa kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa dawa yake ya insulini. Katika miaka ile 19 wako waliopunguza dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Kila mmoja wao alikuwa na kura yake, kamili kama ya tajiri.

Wataalamu wawili, Martin Gilens wa Chuo Kikuu cha Princeton na Benjamin Page wa Northwestern, walichapa utafiti mwaka 2014 ambao watu wengi waliuzungumza. Walichukua maswali 1,779 ya siasa za nchi yaliyoulizwa watu baina ya mwaka 1981 na 2002, wakalinganisha yale waliyoyataka watu wa kipato cha kati, yale waliyoyataka watu wenye mapato makubwa, na yale yaliyotendwa na serikali. Wakaona kwamba matajiri na vikundi vilivyojipanga vya wafanya biashara huvuta mambo upande wao, na kwamba matakwa ya mtu wa kati, yakitofautiana na ya hao, karibu hayana uzito. Wataalamu wengine waliwapinga, wakisema kwamba mara nyingi matajiri na watu wa kati hutaka jambo moja, kwa hiyo si rahisi kupima. Upinzani huo una maana. Lakini hakuna aliyetokea akaonyesha kwamba sauti ya maskini ndiyo inayozidi.

Dini yetu haikuja kuwachukia matajiri. Sayyidna Uthman bin Affan alikuwa tajiri, na watu wa Madina walipokuwa wakinunua maji ya kisima cha Ruma, alikinunua akakitoa kwa ajili ya Waislamu wote, na ndoo yake ikawa sawa na ndoo ya mwingine yeyote. Lakini lipo tukio jingine, nalo limo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, ambalo laingia katika maudhui yetu moja kwa moja. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu mmoja wa kabila la Azd, aitwaye Ibn Lutbiyya, kukusanya zaka ya Bani Sulaim. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akaeleza kwamba hili ni la Waislamu na hili amezawadiwa yeye. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kwa nini mtu huyo asingalikaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, akaona kama zawadi zile zingalimjia.

Na tuangalie kipimo hicho kilivyo cha ajabu. Hakumwuliza Ibn Lutbiyya kama alipatana na watoaji, wala kama alimpunguzia mtu zaka yake kwa malipo. Mahakama ya Marekani hutafuta mapatano: nani aliahidi nini, na nani alipokea nini kwa ahadi hiyo. Yasipoonekana mapatano husema hapana rushwa. Kipimo cha mimbari ile chatazama cheo. Je, fedha hii ingalikufuata ungalikuwa si mtu wa madaraka wala mwenye kuyatarajia? Wale wanaotoa dola milioni 100 kwa kamati ya mgombea wangalimpa fedha hizo angalikuwa mshona viatu wa Ohio?

Usemi wa kwamba haiwezekani kufanya lolote nao hatuukubali. Uingereza iliweka kikomo cha matumizi ya wagombea tangu mwaka 1883, baada ya miaka mingi ya watu kuuza kura zao kwa pombe na chakula. Na mpaka zama hizi tajiri hawezi kununua muda wa redio wala televisheni huko kwa matangazo ya siasa. Kasoro zao wanazo, kwani vikomo vya kutumia viliwekwa bila ya kikomo cha mtu kukichangia chama. Brazil, baada ya kufichuka kwa namna makampuni ya ujenzi yalivyokula pamoja na wanasiasa katika shirika la mafuta la Petrobras, mahakama yake kuu iliyapiga marufuku makampuni yote kuchangia kampeni, mwezi wa Septemba 2015. Fedha ilitafuta vichochoro vingine, kama maji yatafutavyo ufa. Lakini mfereji mkubwa uliokuwa wazi mchana kweupe ulizibwa.

Na kwenu, vijana wetu mtakaopiga kura kwa mara ya kwanza: mgombea ajapo mtaani na gari lenye vipaza sauti, muulizeni, kwa adabu na mbele za watu, gari hilo ni la nani na mafuta yake yamelipwa na nani. Wazee watawaona mmekosa heshima. Ulizeni hata hivyo. Swali hilo halihitaji elimu kubwa, na mgombea aliyekopa kwa mtu mmoja hulijibu kwa maneno mengi mno.

Tukirudi Marekani mara ya mwisho, tarehe 5 Novemba 2024, siku ile ile aliyochaguliwa Trump, watu wa jimbo la Maine, lililo katika pembe ya kaskazini mashariki, waliletewa swali juu ya karatasi ya kura: je, mtu mmoja azuiwe kuzipa kamati zile za Super PAC zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka katika chaguzi za jimbo? Waliosema ndiyo walikuwa karibu robo tatu ya wapiga kura, watu wa vyama vyote viwili. Mwezi wa Julai 2025, kabla ya sheria hiyo kutumika hata mara moja, hakimu wa mahakama ya taifa aliizuia, kwa kufuata hoja ile ya mwaka 2010. Waliokuwa wameileta sheria hiyo wakakata rufaa.